Mkalimani wa Kanali hadi Mutaka

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ananiuliza kama ni kweli nilikwenda porini siku kumi na moja na wanajeshi wa kigeni. Wengine wamesikia nilikamatwa. Mwalimu mmoja wa shule yetu aliambiwa nimeolewa na kanali. Nimeona niandike mara moja, mwenye kutaka asome, niache kurudia maneno yale yale kwenye geti la shule.

Mnanijua. Nafundisha Kiingereza, na watu wa ofisi wakipata wageni wasiojua Kifaransa huja kunitafuta. Safari hii waliniita kwa ajili ya ushirikiano mpya wa kulinda mito. Nchi kubwa moja ya ng'ambo, ambayo niliahidi kutoitaja, imekubaliana na nchi kadhaa za ukanda wetu kuweka vituo vidogo vya ulinzi majini. Askari watakuwa wa kwetu. Boti, redio na mafunzo vitakuwa vyao. Kituo cha kwanza kilitakiwa kujengwa Mutaka, kijiji cha wavuvi kilicho juu ya Ubundu, na sisi tulikuwa tunakwenda kuzungumza na wenyeji. Niliambiwa ni siku nne tu.

Kisangani: kungoja kivuko

Tulikuwa watano. Kanali Walter, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, ndiye aliyetoka nchi kubwa. Meja Joseph alitoka jeshi la nchi jirani iliyomo katika ushirikiano huo. Komanda Mbuyi alikuwa wa jeshi letu la mtoni. Dereva alikuwa Tonton Saleh, ambaye wengi wenu mnamfahamu kwa kuwa nyumba yake iko nyuma ya msikiti. Wa tano mimi.

Kivuko cha kwenda Lubunga, ng'ambo ya mto, kilikuwa kimeharibika. Fundi alituambia tungoje saa moja. Tulingoja siku nzima, na kesho yake tena hadi mchana, tumekaa kwenye mabenchi ya mama mmoja anayeuza mikate ya kukaanga na maharage. Watu wa toleka walikuwa wanakuja na baiskeli zao, wanashusha abiria, wanasikia kivuko hakijapona, wanawapakia tena.

Mama wa mikate alitupokea vizuri mpaka alipoona bendera kwenye bega la Meja Joseph. Aliniuliza kwa Kilingala mtu huyo anatoka wapi. Nilipomwambia, alichukua sahani aliyokuwa amemwandalia, akampa Tonton Saleh. Meja aliona. Alikunywa chai peke yake, akatazama maji.

Kwa asiyekuwa wa Kisangani nieleze kidogo. Majeshi mawili ya wageni, moja likiwa la nchi ya Meja Joseph, yalikuja kupigana katika nchi yetu, kisha yakapigana yenyewe kwa yenyewe humu mjini, sisi tukiwa katikati. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Bomu lilipita dirisha la jikoni, na mama yangu alikuwa jikoni. Ndugu zangu waliponiuliza nitawezaje kusafiri na watu wa namna ile, niliwajibu kwamba afadhali nisikie kwa masikio yangu mambo wanayoyaahidi.

Kanali hakukasirishwa na kungoja. Alitembea ukingoni na daftari, akiniomba nimtafsirie. Nilidhani atauliza habari za silaha. Aliuliza nani anatibu watu mtaa huu, wanasikiliza redio gani, ni familia zipi zina watoto wanaosoma nje, na askari wa hapa akipata shida kazini anamwendea nani. Majibu yote aliyaandika.

Komanda Mbuyi yeye alikuwa amesoma miezi tisa katika nchi ya kanali. Akitaja miezi ile, uso wake ulilainika kama mtu anayetaja nyumbani kwao. Alinionyesha picha kwenye simu: yeye na mkufunzi wake wakichoma nyama uani, watoto wa mkufunzi wamemkalia magotini. Alimwita kanali kwa jina lake, Walter, bila cheo. Nilikuwa nimefikiri ushirikiano wenyewe ni zile boti. Pale kwenye benchi niliona kwamba siku mambo yakiharibika mtoni, namba ya kwanza komanda atakayoipiga haitakuwa ya Kinshasa.

Barabara ya Ubundu

Tulivuka siku ya pili alasiri. Treni ya Ubundu haikuwapo, na hakuna aliyejua itakuwapo lini, kwa hiyo tulipita barabara. Naiita barabara kwa heshima. Tulipishana na wanaume waliosukuma baiskeli zenye madumu ya mafuta ya mawese na magunia ya makaa, na mara nyingi wao ndio waliokuwa na mwendo kutushinda sisi. Kwenye kijito kimoja magogo ya daraja yalikuwa yamesogea, gari likazama upande. Tonton Saleh alizima injini, akashuka, akalizunguka, akasema tutalala hapa. Tulilala.

Waliotutoa ni watu wa kijiji kilichopo pembeni ya kituo cha zamani cha reli. Walikuja asubuhi na kamba na miti, wakatunyanyua, halafu wakatukaribisha kula. Walitupa lituma ya ndizi za kuponda, sombe ya majani ya muhogo, mbinzo, wale viwavi, za kukaanga zenye pilipili, na sufuria ya nyama. Kanali aliniuliza ni nyama gani. Nilimwambia ya pori. Akauliza ya mnyama gani wa pori. Tonton Saleh, ambaye hajui Kiingereza lakini alielewa swali, aliniomba nimjibu kanali akishamaliza kula. Mimi na Tonton Saleh tulikula lituma na sombe tu. Mbinzo kanali alizipenda, akaongezwa mara mbili.

Mwenyeji wetu alikuwa Papa Asumani. Alifanya kazi kwenye reli hiyo ujana wake wote. Alitupeleka nyuma ya nyumba, akakanyaga majani kwa mguu, chuma kikaonekana. Alizungumza na kanali moja kwa moja, kana kwamba mimi sipo. Alisema treni ikilala, mpunga wa Ubundu unaozea ghalani, na mgonjwa anafika Kisangani mgongoni mwa baiskeli kama anafika. Aliuliza kama wao wenye nguvu wanaweza kuitazama hii reli.

Kanali alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia nimjibu kwamba reli si kazi yake, ila atapeleka ujumbe huo kwa wanaohusika.

Nilikuwa nimechoka, nguo zimejaa matope. Nilimwambia Papa Asumani, "Papa, anasema tutafikisha."

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Akamshika kanali vilevile. Nilipanda garini nikiwa na furaha kwamba nimemjibu mzee kwa adabu.

Ubundu: watu waliokuja kupokea reli

Tulifika Ubundu siku ya nne mchana. Kabla ya kuingia tulianza kuona watu wamesimama kandokando. Kwenye kituo cha reli kulikuwa na umati. Wanawake walikuwa wamevaa vitenge vya sare, wanafunzi wamepangwa kwa mistari wakiimba, uwanja umefagiwa. Kando ya ukuta yalikuwa yamepangwa magunia ya mpunga na mahindi, na mbele kidogo wanaume watatu walikuwa wanafyeka majani juu ya reli kwa mapanga. Walikuwa wamefyeka mbali.

Kanali aliguswa. Aliniambia hajawahi kuona ushirikiano ukipokelewa hivi. Alipunga mkono, akamwomba komanda ampige picha mbele ya wanafunzi.

Nilimwuliza mwanamke mmoja magunia yale ni ya nini. Akaniambia ni ya treni. Habari ilikuja kwa fonie, ile redio ya upepo, jana yake: wazungu wako njiani, wamemwambia Papa Asumani kwamba reli wataifikisha.

Neno lilikuwa langu. Mimi nilikusudia ujumbe. Yeye alisikia reli, na kwa vile alikuwa amesimama juu yake, angesikia nini kingine?

Nilimvuta kanali pembeni, nikamweleza. Aliwatazama wale watoto. Halafu aliniuliza kama tunaweza kuacha mambo yalivyo mpaka tuondoke. Alisema hatujamdanganya mtu, watu wana furaha, na furaha hiyo itatusaidia mbele. Komanda Mbuyi alikubaliana naye.

"Bon, madame, tusibavunje batu moyo," aliniambia. "Tukishapita, batajua benyewe."



Nilifikiria magunia. Mwenye gunia angelala pale kituoni kulichunga, leo na kesho na kesho kutwa. Nilipanda kwenye sakafu ya kituo, nikangoja wimbo uishe, nikawaambia kwamba mimi ndiye mkalimani na mimi ndiye niliyekosea. Niliwaambia kanali alisema ujumbe utafikishwa, hakusema reli. Niliwaambia hawa wamekuja kwa habari ya ulinzi wa mto, hawana vyuma, hawana mafundi wa treni. 

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa rahisi zaidi kama wangepiga. Mwanamke yule wa magunia aliniuliza, "Ni weye ulisema?" Nikajibu ni mimi. Akaenda kumwita mumewe waanze kubeba. Wanafunzi walirudishwa darasani. Wawili kati ya wale wafyekaji waliacha, lakini wa tatu aliendelea mpaka akamaliza kipande alichokuwa amekianza, ndipo akafuta panga kwenye majani, akaondoka.

Tulipewa chakula hata hivyo, muhogo wa kuchemsha bila kitoweo. Kanali hakunilaumu, ila siku hiyo hakuniomba nimtafsirie tena. Tonton Saleh alikaa karibu nami akimenya muhogo. Alisema yeye hanioni mwongo. "Lakini siku ingine, mutoto wangu, ukisema, sema mpaka mwisho."

Mtoni

Boti ilikuwa tayari kesho yake, injini haikuwa tayari. Pini ya pangaboi ilikuwa imekatika, na fundi alikata nyingine kutoka kwenye msumari. Iliharibika mara tatu kabla ya kukubali. Tonton Saleh alibaki Ubundu na gari. Sisi wanne tulipanda mto na wapiga kasia wawili, chini ya turubai.

Siku ya pili mtoni kanali aliugua tumbo. Nilimchanganyia maji, chumvi na sukari, nikamsimamia anywe. Alikuwa amelala juu ya magunia ya vifaa, uso mweupe kama unga, akaanza kuzungumza ili asisikie maumivu. Alinieleza habari za binti yake anayesomea udaktari wa wanyama. Nilimwuliza kitu nilichokuwa nataka kumwuliza tangu kivukoni: nchi yake inapata nini kwa kulinda samaki wetu?

Alinijibu waziwazi, na hilo nampa haki yake. Alisema urafiki hujengwa kabla haujahitajika. Boti chache, redio, maofisa wachache waliosoma pamoja, nchi jirani zinazozoea kufanya mambo pamoja na wao wakiwa mezani. Gharama yake ni ndogo kuliko jeshi. Nilimwuliza utahitajika kwa ajili ya nini. Akasema, "Siku mtu mwingine mkubwa atakapokuja huku, akute sisi tumeshafika."

Nilimwuliza kama kuna mtu amefikiria kutuuliza sisi wa huku. Alisema ndiyo maana amekuja mwenyewe mpaka huku, na tumbo lake. Nilicheka, na yeye akajaribu kucheka.

Alasiri tulisimama kwenye kambi ya wavuvi wakatupikia liboke, samaki aliyefungwa kwenye majani na kuwekwa juu ya makaa. Meja Joseph alikuja kukaa mkabala nami. Anazungumza Kiswahili safi cha mashariki, na tangu Kisangani tulikuwa hatujasemezana zaidi ya salamu. Aliniuliza kwa nini simtazami usoni. Nikamwambia habari ya jikoni. Sikupunguza wala sikuongeza.

Alikuwa kijana wa sekondari wakati ule, alisema. Waliambiwa wanajeshi wao wanashinda. Kisha akasema pole, akaacha samaki wake hajamaliza, akaenda kuwasaidia wapiga kasia kufunga kamba. Sikujua nifanye nini na ile pole. Niliipokea tu.

Mutaka

Mutaka ni nyumba zilizo juu ya mtelemko, na chini ni bichi, ndivyo tunavyoita kwetu mahali mitumbwi inapofungwa. Bichi ile ndiyo kijiji chenyewe. Mitumbwi ilikuwa imelala hapo kwa kupangana, na nyuma yake wanawake wana vichanja vya kukaushia samaki, moshi unapanda tangu asubuhi. Msimamizi wa wanawake wale ni Mama Feza, mwembamba, mwenye macho mekundu ya moshi. Mkuu wa kijiji wanamwita kapita, kama kwingine huku kwetu. Ni mtu mpole asiyependa kusema kabla ya wengine.

Nataka mjue kwamba walikuwa wanatungoja kwa nia njema. Wezi wa mtoni, wenye bunduki, walikuwa wamewavamia mara mbili mwaka huu. Mara ya pili walichukua mitumbwi na injini, wakampiga risasi mdogo wake Mama Feza, Musafiri, aliyekuwa anashikilia kamba. Alifia majini. Watu wa Mutaka walikuwa wameomba askari, hawakuletewa. Sasa askari wanakuja wenyewe, na taa, na sanduku la dawa.

Tulikaa penye kivuli cha vichanja. Komanda Mbuyi alihutubia vizuri, kwa Kilingala na Kiswahili, akawaahidi kwamba wezi hawatarudi. Watu walipiga makofi. Kisha kanali akatoa karatasi za kutia sahihi, kurasa nne za Kifaransa. Aliniomba nieleze kwa kifupi kwa sababu boti ilitakiwa kuondoka kabla ya mvua. Komanda akaniongezea kwa sauti ndogo kwamba usalama, taa na dawa vinatosha.

Nilimwuliza kapita kama amezisoma. Alisema Kifaransa anakijua, macho ndiyo hayajui tena. Nikamwambia nitamsomea.

Nilianza ukurasa wa kwanza, mstari kwa mstari, kwa Kiswahili chetu. Kurasa mbili za kwanza zilikuwa za salamu na sifa. Ukurasa wa tatu ulisema kwamba bichi, na ukingo wote hadi kijito, vitakuwa vya kituo peke yake kwa miaka ishirini na mitano. Chombo chochote kitafungwa hapo kwa ruhusa tu. Muda ukiisha, kamati ya ushirikiano itaamua kuuongeza au la, na kamati hiyo inakaa katika mji mkuu wa nchi nyingine.

Komanda alinikatiza kwa Kifaransa, akasema hayo hayana haja. Niliendelea. Nilisikia moto wa vichanja ukilia.

Kanali hakuwa anaelewa maneno, ila alielewa kwamba nimechukua muda mrefu kuliko kifupi. Alimgeukia Meja Joseph, aliyekaa kando yake na aliyejua Kiswahili na Kiingereza, akamwuliza ninawaambia nini. Niliweka kidole kwenye mstari nilipofikia. Meja angeweza kusema naongeza yangu, na ningekuwa nimeharibikiwa, kwa maana Ubundu nilikuwa nimeshakosea mara moja mbele yao wote.

"Anasoma karatasi," Meja alisema.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

Nikamaliza ukurasa wa nne.

Mama Feza ndiye aliyesema kwanza. "Mitumbwi yetu itaenda kulala wapi?"

Kanali alijibu kwamba ruhusa itakuwa rahisi. Mama Feza aliuliza nani ataitoa. Komanda Mbuyi alisema ni yeye. Mama Feza alimtazama bila ubaya. "Na weye bakikuhamisha?"

Komanda alimtazama kanali. Mama Feza alisimama. Alisema hapa hakuna anayetaka askari kumshinda yeye, ndugu yake yumo mtoni hajaonekana hata leo. Akaonyesha juu, ng'ambo ya kijito. "Mujenge kule. Bichi mutuachie. Tutabapikia hata chakula."

Kanali aliondoka mwenyewe na tumbo lake kwenda kuona. Alirudi viatu vimeloa, akasema pale ni pazuri, isipokuwa maji ni mafupi kwa boti kubwa, na ramani na karatasi zimetaja bichi. Hana mamlaka ya kubadilisha. Aliomba watie sahihi leo, na yeye akirudi atalisukuma jambo hilo lirekebishwe. Nadhani alikusudia. Niliwatafsiria kama alivyosema: mtie sahihi leo, yeye atajaribu kurekebisha baadaye. Wanawake walicheka kidogo, si kwa dharau.

Kapita alimwomba kanali arudi na karatasi nyingine. Hakutia sahihi.

Tulipokuwa tunashuka kwenda kwenye boti, mvuvi mmoja wa makamo alinifuata. Alisema nimesoma vizuri. Halafu akasema, "Lakini bezi bakirudi, weye utakuwa Kisangani."  Nilipanda botini.

Kurudi

Mto ukishuka nao ni mwepesi. Kanali aliacha sanduku la dawa na redio moja kijijini hata bila sahihi, na hilo pia niliandike. Komanda Mbuyi hakunisemesha hadi Lubunga. Meja Joseph alinibebea mkoba wangu kutoka kivukoni hadi barabarani, nikamwacha aubebe. Kanali aliniaga kwa kusema nilifanya kazi yangu.

Mwezi uliofuata nilisikia mengine. Kituo kimejengwa kwenye bichi nyingine, chini ya Mutaka, ambako walitia sahihi alasiri moja. Kina taa za jua, fonie mpya na boti mbili.

Kisha ikaja barua kwangu, imesainiwa na kanali. Walinialika nchini kwao wiki sita, kozi ya wakalimani wa ushirikiano, kila kitu juu yao. Aliandika kwamba wanahitaji watu ambao vijiji vinawaamini. Niliisoma mara nyingi. Sijawahi kupanda ndege. Nilikuwa nimefikiri wamenikasirikia, kumbe walikuwa wamenipima na kuona ninafaa. Nilikumbuka jinsi uso wa Komanda Mbuyi unavyolainika akionyesha zile picha, nikaogopa wangu. Baada ya siku nne nilijibu hapana, kwa adabu.

Nafasi alipewa Benjamin, mnayemjua, anayefundisha nami. Kijana mwema, na Kiingereza chake kinazidi changu. Amerudi amenenepa kidogo, na sasa yeye ndiye wanayemchukua kwenda mtoni.

Wiki iliyopita Mama Feza alikuja Kisangani na samaki wa moshi, akanitafuta shuleni. Alisema tangu kituo kijengwe, wezi hawajafika Mutaka. Boti za askari zinapita mbele yao, hazisimami. Kwenye ile bichi ya kituo watu wanaomba ruhusa kufunga, wakichoka wanakuja kufunga Mutaka, na sasa nafasi haitoshi. Na kapita amepelekewa habari kwamba karatasi mpya inakuja mwezi ujao, ya ule ukingo ng'ambo ya kijito.

Nilimwambia hilo ni jambo jema, ndilo walilolitaka.

"Banasema mukalimani ni kijana," alisema. "Huyo anasoma yote?"

Nilifikiria Benjamin. Nilitaka kusema ndiyo. Nikamwambia sijui.

Alipanga samaki upya kwenye beseni, wakubwa chini, wadogo juu, bila kunitazama. "Basi kuja weye," alisema. "Hapana na banajeshi. Kuja kama mugeni wangu."

Nimeomba ruhusa shuleni. Benjamin nimemwambia mwenyewe, kabla hajasikia kwa watu, kwamba siku ya kusomwa karatasi Mutaka nitakuwa nimekaa upande wa wanawake, na kwamba nitaomba karatasi niishike mikononi wakati yeye anatafsiri.